Meno Ndani ya Mtama

Sajini Shallon Nasirumbi alipiga magoti uani mwa kituo kidogo cha polisi pembezoni mwa Tororo, kando ya pikipiki ya mtu aliyemfunga pingu kwa mikono yake mwenyewe, akapitisha kidole juu ya tairi ya nyuma. Kidole kilipita bila kukwama. Akakirudisha. Kikapita tena, laini, kama kinachopapasa kipande cha sabuni kilichokwisha kuogewa na nyumba nzima.

Tairi ilikuwa na meno, hilo halikuwa na ubishi. Vibonge vya mpira vilipangwa safu kwa safu, vile wanavyovipenda wenye pikipiki kubwa za safari, zile zenye masanduku ya bati ubavuni na sauti inayotangulia kufika. Lakini meno ya katikati yalikuwa yamesagwa na lami mpaka tairi ikawa bapa. Yaliyobaki makali ni ya pembeni tu.

Akafungua simu, akatafuta picha alizopiga kijijini Petta Jumatatu, siku mjane Mama Achola alipogongwa. Alama kwenye tope zilikuwa na kona kali kutoka pembeni hadi katikati, kama tofali lililotoka kwenye kalibu sasa hivi. Akaikuza picha. Kwenye alama zilizotoka shambani, baada ya kugonga, jino moja lilikuwa limekatwa kona, na mkato ule ulijirudia kila tairi ilipozunguka. Akarudi kwenye pikipiki, akaizungusha tairi taratibu kwa mikono miwili. Hakuna jino lililokatwa.

Picha hizo alikuwa nazo mfukoni tangu mwanzo. Aliona meno, akaona pikipiki kubwa, akatoa pingu.

Na hakuitoa mahali pa siri. Elphas Ojiambo, mwongoza wasafiri wa pikipiki kutoka Funyula upande wa Kenya, alikuwa amesimama kwenye kituo cha mafuta na wageni wake, anawaonyesha mwamba wa Tororo. Gari la polisi siku hiyo lilikuwa halina petroli. Shallon alimpitisha katikati ya soko kwa miguu, pingu mkononi, helmeti ikimning'inia shingoni, huku akina mama wa nyanya wakiuliza ameua nani. Wageni wake walimtazama kwa muda, kisha wakawasha pikipiki zao wakaenda Mbale bila yeye. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa kosa la kumgonga mjane na kumwacha shambani akiwa amevunjika mguu.

Shallon akajipangusa magoti, akaenda selo.

Elphas alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ndani ya buti zisizo na kamba. Kamba zilichukuliwa siku alipoingia.

"Afande Nasirumbi," alisema bila kuinua kichwa. "Umekuja kunirudisha sokoni? Kuna akina mama upande wa samaki hawakuniona vizuri."

"Tairi zako ulizifunga lini?"

"Siku ya kwanza uliniuliza nilikunywa nini. Jana ukaniuliza nilikuwa nakimbia nini. Leo ndiyo umezikumbuka tairi."

"Lini, Ojiambo?"

"Kabla ya mwaka mpya. Zimeenda Turkana zikarudi. Nairobi sijui mara ngapi. Zimekwisha, ziko kama mdomo wa babu yangu. Nilikuwa nizibadilishe nikirudi kutoka Mbale." Sasa akainua kichwa. "Ungezishika ungejua."

"Nimezishika."

"Leo."

Shallon aliirudisha simu mfukoni.

"Nasirumbi ni jina la kwetu Usamia," Elphas alisema. "Nilipolisoma kifuani mwako pale kwenye mafuta nikajiambia, afadhali, huyu ni dada, atanisikiliza kwanza."

Shallon aliondoka pale mlangoni akitazama sakafu, kama mtu aliyeangusha sindano.

Inspekta Opendi, mkubwa wa kituo, alikuwa anakula mihogo ya kukaanga juu ya gazeti. Alizitazama picha, akaitazama simu, akamtazama sajini wake.

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye, afande. Ile iliyopita Petta ni tairi mpya."

"Redio imeshasema tumemkamata. Mimi mwenyewe niliongea." Alifuta vidole. "Nikimwachia leo nitasema nini? Kwamba tulimpitisha mtu sokoni kwa sababu pikipiki yake ni kubwa?"

"Ndivyo tulivyofanya."

"Usiniambie tulivyofanya. Niletee mwenye meno mapya kabla ya mahakama kufungua. Usipomleta, huyu anakwenda mbele ya hakimu, na wewe ndiye utasimama kueleza."

Shallon hakusogea. "Afande, kuna mambo matatu yamekataa kukaa sawa. La kwanza, Mama Achola hakugongewa barabarani. Aligongewa ndani ya mtama. Njia ilikuwa tupu, kavu katikati. Pikipiki ilitafuta nini shambani?"

"Mlevi."

"La pili, aliteremka. Nyayo zake ziko pale. Ameenda, amerudi, ameenda tena, amemzunguka yule mama, lakini hakuna unyayo hata mmoja uliomkaribia. Kama vile kuna ua."

"Mwoga."

"La tatu, alipoondoka alipita kwanza penye vijana wanaofyatua matofali. Vijana wenye nguvu, na mkokoteni wanao. Hakuwaambia kitu. Akaenda mpaka kisimani kuwaita wanawake, tena bila kufungua helmeti. 'Nendeni kwenye mtama, kuna mama ameumia.' Kwa nini wanawake?"

Opendi alichukua kipande kingine cha muhogo, akakishika tu. "Na mgonjwa mwenyewe?"

"Anasema hakuona kitu. Kila nikimwuliza anageukia ukutani."

"Basi yeye hakuona, na wewe huoni. Nenda."

Tairi za ukubwa ule huzipati Tororo. Bodaboda zinavaa tairi nyembamba, zinauzwa mpaka kwenye maduka ya chumvi. Za pikipiki ya safari unavuka mpaka, unaenda Busia ya Kenya, kwa mwanamke anayeitwa Annet. Shallon alivaa sketi na blauzi ya kanisani, akaacha kitambulisho cha kazi kwenye dawati. Upande ule hakuwa na mamlaka ya kumwuliza mtu hata jina la mbuzi wake. Angeenda kama mnunuzi.

Duka la Annet lilinuka mpira mpya mpaka barabarani. Mwenyewe alikuwa juu ya ngazi, anatundika tairi.

"Karibu, madam. Unatafutia nduthi gani?"

"Pikipiki ya kaka yangu. Kubwa, ya safari. Ilikuja na meno, anataka za lami."

"Kaka anakaa wapi?"

"Mbale."

"Anaenda wapi nayo?"

"Anasema kila mahali."

Annet alicheka, akateremka. "Wote wanasema kila mahali. Wanaangalia video, mzungu anavuka mto, na wao wanataka meno. Nikiwauzia wanaenda nayo benki na kanisani. Lami inakula katikati, tairi inakuwa kama chapati, halafu wanarudi kunitusi. Mimi siuzi tairi kwa ndoto ya mtu, siste. Nauza kwa njia anayopita Jumatatu mpaka Jumamosi. Kaka yako anapita wapi Jumatatu?"

"Lami. Barabara ya murram kidogo."

"Murram kavu?"

"Ikinyesha, hapiti."

"Hapo umesema ukweli." Alivuta tairi mbili, moja pana, moja nyembamba kidogo, akaziviringisha mpaka mwangani. "Angalia hii. Katikati mpira mgumu, pembeni laini. Katikati inadumu, pembeni inashika akilala kwenye kona. Hii mifereji ndiyo inafukuza maji. Usichukue yenye mifereji michache eti inapendeza. Mvua ya huku inakujia ukiwa tayari uko mbio. Tena niambie anabeba nani."

"Mke, na mizigo."

"Basi tusome uzito ubavuni. Hapa wengi wanakosea. Wanapima rimu, wanasahau mke." Akageuza tairi, akaonyesha maandishi madogo ya kiwandani. "Hii inawabeba wote wawili, na mama mkwe akitaka lifti pia."

Shallon alicheka kama mnunuzi anavyocheka. "Na wenye hizi pikipiki huku ni wengi? Nisije nikawa najaribu mimi wa kwanza."

"Unaweza kuwahesabu. Daktari mmoja wa Mumias, huyo ni lami tangu zamani. Padri mmoja, alichukua meno mapya mwezi uliopita."

Shallon akashika tairi iliyokuwa karibu. "Padri anavuka kwenda Uganda?"

"Avuke na nini? Pikipiki ile kule nyuma, injini iko chini, inangoja pistoni wiki ya tatu. Anakuja kuiombea." Annet akaketi juu ya tairi. "Halafu kuna Vincent Mangeni, yule wakala wa forodha, upande wenu. Huyo ni kituko. Alinisumbua nimtolee meno makubwa Nairobi. Nikamwambia, buda, ofisi yako inagusana na lami, meno ya nini? Akasema ameoa Petta, na njia ya kwa wakwe ikinyesha inakuwa uji. Anataka afike akiwa safi kama bwana harusi. Sawa, nikamvalisha. Jumanne asubuhi nakuja kufungua duka, namkuta mlangoni. Toa hizi, weka za lami. Nikamwuliza, na wakwe je? Akasema huko haendi tena."

"Labda amegombana na mke."

"Labda. Lakini kilichonishangaza si hicho. Huyu ni mtu wa kukaa hapa nusu siku anachagua. Anainusa tairi, anaibonyeza, anaiuliza maswali kama mama anayenunua samaki. Jumanne hakuchagua. Alisema niweke yoyote isiyo na meno. Wala hakuitazama."

"Na zile za meno alienda nazo?"

"Aliziacha. Ziko pale. Mpya kabisa, isipokuwa ya nyuma, jino moja limekatwa, kama amepita juu ya jembe. Nataka kuziuza. Kaka yako hazitaki hata kwa bei ya rafiki?"

Shallon aliinama. Jino lilikuwa limekatwa kona, mkato mmoja, msafi. Hakuhitaji kutoa simu.

"Nitachukua hii ya nyuma," alisema.

"Moja? Ya nini?"

"Ya kumbukumbu."

Annet alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, blauzi ya kanisani mpaka viatu vyeusi vilivyong'arishwa kipolisi. Hakuuliza zaidi. Alifunga kamba kwenye tairi ili ibebeke begani.

Ofisa wa mpakani alimsimamisha. "Nyabo, tairi hiyo, pikipiki yenyewe iko wapi?"

"Nakwenda kuichukua," Shallon alisema.

Akavuka, tairi begani, na katikati ya malori yaliyopanga foleni akasimama. Dereva mmoja akampigia honi. Hakusogea.

Kwa wakwe.

Nyayo zile zilimrudia. Mtu anayezunguka bila kukaribia, kama vile kuna ua. Ua ulikuwepo, na yeye Shallon alilelewa ndani ya ua huohuo. Kwao Usamia, kama ilivyo Padhola kwa akina Mama Achola, mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hampi mkono, hali naye. Wakikutana njiani mmoja huacha njia na kuingia majanini mpaka mwenzake apite, na aliye na adabu zaidi ndiye anayewahi kuingia. Mama Achola alisikia ile pikipiki, sauti yake anaijua, akaacha njia akaingia kwenye mtama. Vincent Mangeni alimwona mama mkwe wake mbele, naye akaacha njia akaingia kwenye mtama.

Walipishana kwa heshima, wote wawili, upande mmoja.

Alipogundua hilo hakufurahi hata kidogo. Mzee yeyote wa Petta, mwanamke yeyote aliyeolewa, angezisoma nyayo zile bila kuinama. Wao polisi walizipiga picha, wakaweka na rula.

Nyumba ya Vincent ilikuwa Busia ya upande wa Uganda, nyuma ya maghala. Mwenyewe alikuwa kibarazani, hajanyoa, shati la jana. Pikipiki ilisimama ukutani chini ya turubai, tairi mbili nyeusi zikichungulia chini, laini, zina mifereji, hazijagusa hata vumbi.

Shallon alijitambulisha, akaiweka ile tairi ya meno chini mbele yake.

Vincent aliitazama. Hakukana. Alivuta kiti, akampa mgeni, yeye akabaki amesimama.

"Mke wako yuko wapi?"

"Babra yuko hospitali. Anauguza."

"Anamwuguza nani?"

"Mgonjwa."

"Anajua?"

"Kila jioni anarudi, anapika, anamlaani mtu aliyefanya vile. Anaomba Mungu amvunje miguu yote miwili. Halafu ananiambia niseme amina." Aliitazama ile tairi. "Nasema."

"Mangeni, ulimgonga nani?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

Uso ulimbadilika rangi kama wa mtoto aliyetajiwa jambo la chumbani mbele ya wageni.

"Sawa," Shallon alisema. "Nitasema mimi, wewe utikise kichwa. Ulimwona njiani ukatoka barabarani kumpisha."

Akatikisa kichwa, ndiyo.

"Naye alikuwa ameshaingia."

"Sikumwona, afande. Mtama ulikuwa mrefu. Nilifikiri ameingia upande wa mihogo. Nilisikia tu. Nilipogeuka alikuwa chini, na gomesi..." Akageuka, akaongea akiangalia turubai. "Mshipi ulikuwa umekatika. Nguo imepanda. Usiniulize niliona nini."

"Siulizi."

"Alikuwa ananitazama. Ameumia vile, na mikono yake haikushika mguu. Ilikuwa inavuta nguo. Nikasema nimsaidie. Nikasogea, akapiga kelele. Nikasogea tena, akaniambia niende. Mguu uko vile, afande, mfupa unaonekana, na ananiambia niende."

"Penye wafyatua matofali ulipita."

"Ningewatuma vijana wakamwone vile? Watoto wa kijijini kwake?"

Kuku wa jirani alipita kati yao, akaidonoa ile tairi, akaenda zake.

"Kuna mtu ndani kwa ajili yako," Shallon alisema.

"Nilisikia redioni."

"Ulisikia, ukabaki hapa."

"Nilibaki hapa." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Kila asubuhi nilivaa viatu niende kusema. Nafika pale getini. Nitasema vipi, afande? Lazima niseme jina lake na nilichofanya, kwenye karatasi, kisha askari asome kwa sauti mahakamani na watu wa Petta wamejaa kwenye benchi. Kufungwa naweza. Hilo la kusomwa ndilo lilinirudisha."

"Utaandika kwamba uligonga mtu na hukuripoti. Nguo haimo kwenye sheria ya barabarani. Sitaiandika."

Vincent alimtazama, mara ya kwanza tangu afike. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa viatu.

Opendi alisoma maelezo amesimama. Alipofika mahali pa mtama alirudi juu, akasoma tena, kisha akaketi polepole.

"Mimi ndiye Mpadhola kwenye kituo hiki," alisema. "Nilienda pale, nikaona nyayo, nikasema mwoga." Aliikunja karatasi, akaikunjua. "Mama yangu akisikia hili hatanipikia."

Mwenyewe alienda kufungua selo. Alimrudishia Elphas kamba za buti, simu, funguo za pikipiki, kila kitu kwa mikono miwili, akitazama viatu vyake. Alisema polisi inasikitika. Alilisema kama kitu kinachouma jino.

Shallon alingoja nje.

"Nilikosa," alimwambia Elphas. "Nilikuwa na picha mfukoni na sikuzitazama. Naomba msamaha."

Elphas alikuwa anafunga buti. Alimaliza moja, akaanza nyingine. "Redio je?"

"Inspekta ataongea tena kesho."

"Akina mama wa soko hawasikilizi redio. Wananiangalia mimi." Akasimama. "Nipeleke kwa yule mama. Sitaki kumsumbua. Nataka tu nisikie kwa mdomo wake kwamba si mimi. Baada ya hapo nitaondoka."

Haikuwa taratibu. Shallon aliwasha gari, lililokuwa na petroli siku hiyo, na akawapeleka wote wawili, Elphas mbele, Vincent nyuma na askari mmoja.

Jua lilikuwa linainama walipofika. Wauguzi walikuwa wamemtoa Mama Achola kwenye veranda ya wodi, kwenye benchi, mguu ndani ya plasta nyeupe umenyooshwa juu ya kigoda. Kanga ilimfunika mpaka vifundo. Babra hakuwepo, alikuwa ameenda kuteka maji. Vincent alikataa kukanyaga veranda. Alienda nyuma ya kona ya jengo, upande wa kamba za kuanikia shuka, akasimama amewapa wote mgongo. Palikuwa na ukuta kati yake na yule mama, na hakuna aliyemwambia asogee.

Shallon alichuchumaa. "Mama, amekuja mwenyewe. Amesema. Hakuna haja ya kuficha tena."

Uso wa Mama Achola ulikaza. Macho yake yalienda kwenye kona, yakarudi upesi kama yaliyoungua.

"Nani alimwambia aseme?"

"Mimi nilimkuta."

"Wewe ni binti wa Samia. Hamna wakwe huko kwenu?"

"Tunao, mama."

"Basi ulikuwa unajua, ukachimba tu." Alivuta kanga, ingawa ilikuwa haijasogea. "Siku ile niliomba nife kabla hajageuka. Mungu hakunisikia. Nikaomba basi asijue mtu. Na hilo amelikataa."

Nyuma ya ukuta sauti ya Vincent ilisikika, ya chini, ya Kiswahili cha ofisini, kama mtu anayezungumza na watu asiowajua. "Waambieni anaomba msamaha. Waambieni mbuzi wa kutakasa atakuja, na wazee, na chochote watakachosema."

"Mwambie nimesikia," Mama Achola alimwambia Shallon. "Mbuzi awe mweupe. Asimlete mwenyewe."

Elphas alisogea, akavua kofia.

"Mama, mimi ndiye waliyenikamata."

"Nakujua. Babra aliniambia wamemshika Mkenya. Akakusifia urefu."

"Kwa hiyo ulijua niko ndani. Na ulijua si mimi."

"Nilijua."

"Nimelala kwenye sakafu ya polisi. Wageni wangu wamekwenda, kazi yangu ni wageni. Nimepitishwa sokoni kama mwizi wa kuku. Ungesema neno moja." Sauti yake haikupanda. "Sitaki mbuzi. Sitaki kitu. Yule nyuma ya ukuta ameomba msamaha, afande ameomba, hata yule mkubwa wao mwenye tumbo ameomba. Niombe na wewe, mama, niende nyumbani."

Mama Achola alimtazama moja kwa moja, kwa muda mrefu, jinsi ambavyo hangeweza kumtazama mkwe wake mpaka afe.

"Mama mkwe wako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Tuseme umwone kama alivyozaliwa, kwenye mtama, mchana. Halafu polisi waje wamwulize ni nani. Ungependa aseme?"

Elphas aliizungusha kofia mikononi. Alitazama chini.

"Ungependa?"

"Hapana, mama."

"Walikuja kitandani kwangu, wakaniuliza, nikageukia ukutani. Nilikuwa najua kuna mtoto wa watu ndani kwa ajili ya mdomo wangu. Nililia kwa ajili yako, usiku nililia, muulize muuguzi. Lakini nilikaa kimya." Alinyoosha mgongo kadiri mguu ulivyomruhusu. "Jina lako litasafishwa, wewe ni mwanamume, utapanda pikipiki yako utaenda mahali wasipokujua. Mimi nazeekea Petta. Wakirudi kesho wakaniuliza tena, nitageukia ukutani tena. Pole nakupa, ya kulala sakafuni. Msamaha sikuombi."